Kituo cha Anga Kikipita Juu ya Pemba: Mwongozo Kamili kwa Waliotoka na Watoto Wakarudi Bila Kuona Kitu

Tangu niseme kwamba Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huonekana hapa kwetu kwa macho matupu, lawama hazijanikatikia. Mmoja wa Mkoani alikaa pwani ya mashariki na watoto wanne, wote wameelekea baharini, chombo kikapita nyuma ya visogo vyao. Mwengine alitoka saa saba za usiku, akaambulia mbu. Jirani yangu hapa Wete alitoka siku moja kabla, na keshoye hakutoka kwa hasira.

Nimewasikiliza mmoja mmoja. Makosa yao ni manne tu: mahali, siku, saa na upande. Kwa hiyo mwongozo huu umekaa zaidi hapo, na mengine nimeyapitia mbio.

Mnachokitafuta ni nuru moja nyeupe, kali, isiyopepesa, inayokata mbingu kimya kimya kwa dakika nne hadi sita. Nuru hiyo si taa, ni jua linalopiga paneli zake za sola. Ndani yake mna watu, kwa kawaida saba. Wako juu kiasi cha kilomita 400, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa mstari ulionyooka, ila safari yenyewe ni ya kwenda juu.

## Vya kuandaa

Simu yenye intaneti, lakini kwa mchana tu. Ukishapata ratiba, iandike kwenye karatasi.

Karatasi na kalamu. Kila mtoto awe na yake, msigombane.

Saa sahihi. Simu iliyowekwa ijirekebishe saa yenyewe inatosha. Saa ya ukutani sebuleni haitoshi, maana dakika tano zikipotea, tukio zima limepotea.

Tochi iliyofungwa kitambaa chekundu au mfuko mwekundu wa nailoni. Mwanga mwekundu hauvunji macho yaliyokwisha kuzoea kiza.

Jamvi au mkeka, nguo za mikono mirefu, na dawa ya mbu.

Darubini iacheni nyumbani. Chombo hiki kinakwenda mbio, na mtoto akishika darubini atakitafuta mpaka kiishe. Hii ni kazi ya macho.

## Hatua ya 1: Iambie ratiba uko wapi

Tumia programu ya simu ya NASA iitwayo Spot the Station, au tovuti ya Heavens-Above. Zote ni bure. Hapa ndipo kundi la kwanza linapoangukia.

Heavens-Above, usipoiambia mahali ulipo, hukuweka kwenye latitudo 0 na longitudo 0. Hapo ni katikati ya maji ya Ghuba ya Guinea, huko Afrika Magharibi, na saa zake ni za huko. Ratiba itakuja nzuri, imepangika, na haina hata mstari mmoja unaokuhusu.

Chagua mji wako kwenye ramani: Wete, Chake Chake, Mkoani, au Mjini Unguja. Ukitaka kuandika namba, Wete ni kiasi cha 5.06 kusini na 39.73 mashariki. Hilo neno "kusini" usilidharau. Kwenye tovuti nyingi kusini huandikwa kwa alama ya kutoa mbele ya namba, na ukiisahau umeshahamia kusini mwa Ethiopia.

Utajuaje umepatia? Jina la mji wako liko juu ya ratiba, na saa ni za Afrika Mashariki, yaani UTC, saa ya kimataifa, ukiongeza tatu. Ukiona tukio la jioni limeandikwa 16:10, wakati jua bado linachoma, basi saa hizo ni za UTC. Ongeza tatu.

Ratiba ichukue si zaidi ya siku tatu kabla. Kituo husukumwa juu mara kwa mara kwa injini ili kisishuke, na kila kikisukumwa, saa zake za kupita hubadilika. Ratiba ya wiki tatu nyuma ni ya kufungia karanga.

## Hatua ya 2: Geuza siku na saa ziwe zetu

Hii ndiyo hatua iliyomkosesha jirani yangu, na nadhani ndiyo iliyowakosesha wengi wenu.

Tuanze na siku. Kwetu usiku hutangulia mchana. Bibi akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alkhamisi baada ya jua kuzama. Ratiba haijui hayo, kwake siku huanza saa sita za usiku. Ikiandika Ijumaa 19:12, maana yake ni Ijumaa yenyewe, baada ya sala ya Magharibi ya siku ile ile mliyosali Ijumaa mchana. Jirani yangu alisoma "Ijumaa", akaona ni usiku, akatoka Alkhamisi. Nilipomweleza alininyamazia kitambo, kisha akaniuliza: "Sasa hao walioandika hawana wazee?"

Kwa hiyo kwenye karatasi usiandike "usiku wa Ijumaa". Andika: "Ijumaa tukishasali Magharibi."

Sasa saa. Ratiba hutumia mtindo wa saa 24:

Jioni na usiku, toa 18. 19:12 inakuwa saa 1:12 usiku.

Ikiwa ni 18 na dakika zake, ni saa 12. 18:50 ni saa 12:50 jioni.

Alfajiri, ongeza 6. 05:05 ni saa 11:05 alfajiri.

Yule aliyetoka saa saba za usiku alisoma 7:12 kwenye simu iliyokuwa na mtindo wa saa 12, akaisoma vile ilivyo. Lakini hata bila hesabu angejishtukia kama angejua jambo hili: hapa kwetu chombo hakionekani usiku wa manane. Ili tukione, sisi lazima tuwe kizani na chenyewe kiwe bado juani. Hali hiyo hupatikana kwa takribani saa moja na nusu baada ya jua kuzama, na muda kama huo kabla halijachomoza. Nje ya hapo kiko ndani ya kivuli cha Dunia, kinapita na hakionekani.

Kwa lugha ya nyumbani: tazama baina ya Magharibi na Isha, au alfajiri watu wanapokwenda na kurudi msikitini. Ratiba ikitaja wakati mwengine, rudi Hatua ya 1.

## Hatua ya 3: Chagua mpito mzuri, acha mingine

Ratiba itakupa mipito kadhaa kwa siku chache mfululizo, kisha wiki kadhaa kimya. Ndivyo kinavyokwenda. Usitoke kwa kila mpito, watoto watachoka na siku ya mpito wa maana watakukatalia.

Angalia namba mbili. Ya kwanza ni urefu wa juu kabisa, kwa digrii. Upeo wa macho ni 0 na utosini ni 90. Pemba ni vilima na mikarafuu, na minazi juu ya yote. Mpito wa digrii 15 utaishia kwenye makuti. Chukua wa digrii 40 kwenda juu.

Namba ya pili ni mng'aro, na hii imekaa kinyume: kadiri inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo nuru inavyokuwa kali. Ukiona kutoa 3, hakuna nyota itakayoishinda usiku ule, ila Zuhura akiwapo.

Masika usijisumbue sana. Kiangazi cha Januari na Februari, na miezi ya kipupwe kuanzia Juni, mbingu huwa na nafasi zaidi. Mbaamwezi haina neno, hata mwezi mpevu hauzuii. Umeme ukikatika siku hiyo, kwa mara moja, msilalamike.

## Hatua ya 4: Simama kuelekea kibla

Watu wengi hushindwa na "kaskazini-magharibi". Wengine wanafungua dira ya simu, nayo inazunguka kama pia kwa sababu wamesimama karibu na mabati.

Sisi tuna dira isiyoharibika. Makka iko kwenye longitudo ya karibu 39.8 mashariki, na Chake Chake iko karibu mstari ule ule. Kwa hiyo kibla cha Pemba ni kaskazini, si takribani tu, bali karibu kamili. Unguja nako tofauti haizidi kama digrii moja. Kila mtoto aliyesali anajua kibla cha mtaani kwake.

Msimamishe mtoto aelekee kibla. Mbele ni kaskazini. Mkono wa kulia, mashariki. Mkono wa kushoto, magharibi. Mgongoni, kusini. Kusini-magharibi ni nyuma ya bega la kushoto.

Sasa kanuni ya kushika: chombo hiki hakitoki mashariki hata siku moja. Kwetu hutokea upande wa kusini-magharibi kikaelekea kaskazini-mashariki, au hutokea kaskazini-magharibi kikaelekea kusini-mashariki. Huyo wa Mkoani aliyetazama baharini alikuwa ameelekea mashariki, akisubiri kitoke kule kinakozamia.

Digrii pimeni kwa ngumi. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi: upana wake ni kama digrii 10. Mtoto ana ngumi ndogo lakini na mkono wake ni mfupi, kwa hiyo hesabu inakuja ile ile. Digrii 40 ni ngumi nne kutoka upeo wa macho. Wanangu walibishana juu ya hili mpaka walipopima wote watatu kilele cha mnazi mmoja wakapata ngumi tatu.

## Hatua ya 5: Fanyeni mazoezi baada ya alasiri

Msiiruke. Usiku hakuna muda wa kufundisha.

Nendeni mahali penyewe kukiwa na jua: uwanja wa mpira, ua wa skuli, au pwani. Kama ni pwani, ulizeni maji kwanza. Bamvua la hapa hupanda mpaka karibu mita nne, na jamvi lililotandikwa mahali pakavu laweza kukutwa linaelea. Paa lisilo na ukuta wa pembeni si mahali pa watoto watakaotembea huku wametazama juu.

Kila mtoto anyooshe kidole kinapotokea, akipandishe mpaka ngumi zilizoandikwa, akishushe kinapozamia. Mara tatu. Mwache mdogo kuliko wote awe mwalimu wa mara ya tatu.

Hapo hapo waonyesheni mambo mawili ya chungwa. Shika chungwa, sema hii ni Dunia. Kwa chungwa la kawaida, chombo kinapita milimita mbili tu juu ya ganda, unene wa punje ya mchele. Kisha mulikeni chungwa kwa tochi, mpitishe punje kutoka upande wa mwanga hadi upande wa kivuli. Inazimika njiani. Hili litawafaa usiku, mtaona.

## Hatua ya 6: Usiku wenyewe

Fikeni robo saa kabla. Simu zote zifunikwe, na yako pia. Macho yanataka dakika kadhaa kuzoea kiza, na mtu mmoja akiwasha skrini ananyang'anya macho ya wote.

Robo saa kwa mtoto ni mwaka. Mimi hutumia hadithi ya kobe. Septemba 1968 chombo cha Wasovieti kiitwacho Zond 5 kiliwazungusha Mwezi kobe wawili, kabla ya mwanadamu yeyote kuuzunguka. Kikarudi kikaangukia Bahari ya Hindi, bahari yetu hii, na kobe wakatolewa wazima, wamekonda kidogo. Jitayarisheni kwa swali la kama walikuwa wa kisiwa cha Changuu. Hapana. Wale wa Changuu asili yao Shelisheli, na mkubwa wao angekivunja chombo kwa uzito. Nyumba yenye paka watasikiliza zaidi ya Félicette, paka wa Wafaransa aliyerushwa anga za juu Oktoba 1963 na kushuka hai kwa parachuti. Paka wetu huja kulala katikati ya jamvi kila tukitoka, na hajawahi kuinua kichwa.

Wakati huo huo watoto wataanza kupiga kelele "Kile!" Wafundisheni kupambanua:

Kinachopepesa taa nyekundu na kijani ni ndege.

Kinachong'ara sana magharibi na hakitembei ni Zuhura.

Cheusi kinachopiga mbawa pole pole ni popo. Wakati huo ndio wanatoka kwenda kula, na kwa walio karibu na Kidike, kwenye hifadhi ya popo, wanaweza kupita wengi. Popo hawa wa Pemba hawapatikani kwengine kokote duniani, kwa hiyo hata hapo hamkutoka bure.

Dakika mbili kabla ya saa yake, semeni "kushoto, nyuma ya bega" au popote ratiba ilipoelekeza, na wote wageuke. Mtu mmoja ahesabu saa kwa sauti.

Mwanzoni nuru huwa hafifu na inakwenda pole pole, kwa sababu iko mbali, zaidi ya kilomita elfu moja. Ikipanda inakuwa kali na mbio zinaonekana kuongezeka. Hakikuongeza mwendo, kimesogea karibu. Mwendo wake ni ule ule, kiasi cha kilomita 28,000 kwa saa. Mkondo baina ya Pemba na Unguja, unaotutapisha kwenye boti, chombo hiki huukata kwa sekunde saba hivi. Mwambie mtoto ahesabu moja mpaka saba kwa sauti.

Hakuna mlio. Hakuna kupepesa. Kama mnaona hayo, mmefanikiwa.

Kisha litokee la mwisho, ambalo huwatia watoto hofu: kikielekea mashariki, nuru hupungua, huiva wekundu, na kuzimika kabla ya kufika chini. Mwanangu wa kati mara ya kwanza alilia, akidhani kimeanguka na watu ndani. Hapo ndipo mnapokumbusha punje ya mchele: kimeingia kivulini. Kwa waliomo, jua limezama. Litachomoza tena kwao katika muda usiofika saa moja, maana kila dakika 90 hivi wanaizunguka Dunia nzima.

Kama mnataka picha, itegemezeni simu kwenye jiwe, wekeni hali ya usiku, na msivute karibu. Mkipata mstari mweupe ndiyo picha yenyewe. Lakini mara ya kwanza msipige, tazameni.

## Hatua ya 7: Andikeni kabla ya kulala

Mtoto atakwenda kusimulia skuli na chuoni, na hadithi itanenepa njiani: ya kwanza ilikuwa nuru, ya tatu ina madirisha. Kadi ndiyo dawa. Iwe na mistari sita: siku, saa, mahali, kilitokea wapi, kilipotelea wapi, nani alikiona kwanza.

Kadi ikienda skuli, ipeleke na ratiba ya mpito unaofuata, ili wenzao nao watoke. Mkituma picha kwenye makundi ya simu, tumeni ya mbingu. Nyuso za watoto wa watu ziombewe ruhusa kwanza.

Mkikosa, andikeni vile vile. Subirini dakika tano baada ya saa iliyoandikwa, kisha angalieni kwa mpangilio huu: mawingu, siku, saa, mahali kwenye ratiba, upande. Msibadilishe yote kwa pamoja, hamtajua lipi lilikuwa kosa.

Kadi ya mwanangu mdogo ya wiki iliyopita imebandikwa mlangoni hapa ninapoandika: "Jumanne. Saa 1:04 usiku. Uwanjani. Hatukukiona, wingu upande wa kibla. Popo kumi na moja. Kesho chini sana, mama amekataa. Alkhamisi tukishasali Magharibi."